Kabla Hujagawa Diski, Mtafute Mgogo

Wiki iliyopita nilikaa nyumbani kwangu Kanyenye, mbele ya kompyuta ambayo wanangu walininunulia nilipostaafu, nikaigawa diski yake sehemu tatu kwa mikono yangu mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu siku ya kuniaga ofisini mmoja wenu, huku mdomo umejaa keki yangu, alisema Mama Paulina sasa atapumzika na mashine. Sijapumzika. Wajukuu walijaza sinema mpaka barua zangu na nyimbo za kwaya zikakosa pa kukaa, na kila mashine ilipougua fundi alitaka kufuta vyote, vyangu na vyao. Nikasema basi: diski ni moja, ila sehemu ziwe tatu. Moja ya mitambo ya mashine yenyewe, moja yangu, na moja ya wajukuu na vurugu zao. Ya wajukuu ikiharibika, iharibike peke yake.

Neema wa idara ya kompyuta, ambaye nyote mnamfahamu, alikuja kuketi pembeni yangu ili nisifanye maafa. Nilipotaka kubonyeza, akauliza, "Mama, una nakala?"

Nilicheka mpaka miwani ikadondoka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mtoto huyu ananiuliza mimi kama ninawaogopa nyoka. Pengine hakujua kwamba somo la nakala nililipata kwa marehemu baba yake, na kwamba nililipia barabarani, mchana kweupe, mji mzima ukitazama.

Mmeniomba niandike kumbukumbu za kazi. Vyeo sivitaji, maana vilichelewa, na mishahara siitaji, maana haikutosha. Nitawaandikia habari za kabati.

Niliingia masjala nikiwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka Urambo kwa wazazi wangu wakulima wa tumbaku, nina cheti cha kozi ya miezi mitatu na viatu vya kisigino vya kuazima. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, kila mtu ofisini ni Ndugu, hata yule uliyetamani kumwita jina lingine. Masjala ilikuwa chumba kimoja chenye kabati la mninga lililoanzia mlangoni hadi dirishani. Ndani yake rafu zilikuwa ndefu, wazi, bila kizuizi chochote. Majalada yalipangwa kwa namba kadiri yalivyofika, moja nyuma ya lingine kama ndoo kwenye bomba la maji. La mkulima lilikaa karibu na la mwalimu, la mwalimu karibu na la mtu aliyeomba kibali cha kinu.

Aliyenipokea ni Mzee Sefu, karani wa masjala aliyekuwa anastaafu, mtu wa ukoo wa mafundi cherehani wa hapa hapa Kanyenye. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha kabati. Alinionyesha kitabu kikubwa chenye jalada jekundu, kimeandikwa namba, jina na shauri la kila jalada lililomo.

"Kabati likiungua, lia kidogo," akaniambia. "Hiki kikiungua, hama mji."

Nikaitikia "Ndiyo, Mzee," kwa adabu zote, na ndani ya moyo nikajiambia mzee huyu hajasoma kozi.

Wa pili kunipokea alikuwa tarishi, Ndugu Chidawali, Mgogo wa Mpwapwa, mrefu, mwenye baiskeli ya ofisi na uso usiojulikana lini umenuna na lini umecheka. Nilimwamkia, "Shikamoo." Akajibu, "Marahaba. Kabila gani?" Nikasema Mnyamwezi. Akaweka chini mfuko wa barua.

"Aa, mpagazi amefika! Hongo umelipa?"

Ninyi vijana wa siku hizi mnajua watani kwa kusikia tu, kwa hiyo nieleze. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara kutoka hapa Tabora mpaka pwani, na njia ilipita Ugogo, nchi kavu. Visima vilikuwa vya Wagogo, na msafara haukunywa maji mpaka uwalipe hongo, ada ya kupita. Ugomvi huo wa maji ulizaa utani. Mtani wako anaweza kukutukana, kukunyang'anya kitu na kukidai ukikomboe, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Wiki ya kwanza Chidawali alichukua kalamu yangu, ndizi zangu za mchana na kiatu kimoja nilichokuwa nimekivua chini ya meza. Kiatu nilikikomboa kwa kuimba mbele ya mhasibu. Wiki ya pili nilificha pampu ya baiskeli yake ndani ya ndoo ya fagio, tukawa marafiki.

Mzee Sefu alipoondoka, nikafanya nililokuwa nimelitamani tangu siku ya kwanza. Niliita seremala na mbao za plaiwudi, tukaligawa kabati. Kila kijiji kikapata chumba chake, na watu wa mjini vyumba vyao. Nilipima kwa rula: nilihesabu majalada ya kijiji, nikakata chumba kinachoyatosha, bila kuacha hata nafasi ya kuingiza kiganja. Nilijivuna sana. Mzee Sefu alipita siku moja kutusalimia, akalitazama kabati kutoka juu mpaka chini.

"Nafasi umeacha?"

"Nafasi ya nini, Mzee?"

"Ya usichokijua."

Nikamwonyesha rula. Akaomba maji, akanywa, akaenda zake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipozaliwa, na ni lile lile mnaloweza kulifanya kwenye diski. Kila jalada nililolihamisha nilibandika karatasi juu ya namba yake ya zamani, nikaandika namba mpya. Ndani ya kitabu chekundu, pembeni ya jina, niliandika kwa penseli chumba nilimoliweka. Kisha nikanakili yote kwenye kitabu kipya cha bluu, chenye kurasa za kila kijiji. Ijumaa ya mwisho, saa ya kufunga ikikaribia, yalibaki majalada kumi na moja ambayo sikujua ni ya kijiji gani. Nikayasukuma kwenye chumba cha chini kabisa, karibu na mlango, nikaandika kwenye kitabu chekundu herufi M, yaani Mengineyo, nikasema Jumatatu nitayatafutia kwao. Kitabu cha bluu hakikuwa na ukurasa wa Mengineyo. Mengineyo si kijiji.

Jumatatu nilikuta kazi nyingine mezani. Mnajua Jumatatu zilivyo.

Kitabu chekundu sasa kilinikera, kimezeeka, kinachukua meza. Nikampa Chidawali pamoja na karatasi chafu za wiki.

"Kachome."

"Nichome kweli?"

"Choma, mtani. Cha kazi gani tena?"

Nikauona moshi nyuma ya jiko la ofisi, nikaridhika.

Haukupita mwezi, vijiji vikahama. Mimi nimekaa nimeligawa kabati kwa vijiji, na nchi nzima ikaamua kuvipanga vijiji upya! Watu waliokuwa wametawanyika porini waliambiwa wasogee barabarani wakae pamoja. Kwa waliohamishwa halikuwa jambo la kuchekesha, wapo walioacha makaburi ya wazee wao na mashamba yenye mahindi. Mimi shida yangu ilikuwa ndogo, ila ilikuwa shida. Vijiji vitatu vikawa kimoja, na chumba cha kimoja hakiwezi kubeba majalada ya vitatu. Vyumba vingine vikabaki vitupu, vina majina ya mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nikaanza kuhamisha huku na kule, kufuta, kubandika, kufunga mafungu kwa kamba. Katika purukushani hiyo, mhudumu wa chai akaona kile chumba cha chini karibu na mlango kinafaa, akapachika kitambaa mbele yake na kuweka sinia la Ndugu Mkuu wa Ofisi: vikombe, sukari na birika. Nami nikalizoea sinia. Chumba kile kikawa kabati la chai, na Mengineyo ikafutika kichwani mwangu.

Asubuhi moja ya Alhamisi akaingia msichana mwenye sanduku la bati kichwani. Jina lake Kabula Masanja, wa Ipole, binti wa warina asali. Alikuwa amechaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea ukunga. Barua aliyokuja nayo ilisema aripoti na vyeti vyake halisi, vilivyomo kwenye jalada namba 417 ofisini kwetu. Asiyefika Jumatatu na vyeti, nafasi yake apewe mwingine. Treni ilikuwa inaondoka kesho yake jioni.

"Keti, mdogo wangu," nikamwambia. "Ni dakika mbili tu."

Nilifungua kitabu cha bluu, ukurasa wa kijiji chao kipya. Hakuna. Nikamuuliza walikohama. Hakuna. Nikamuuliza alikosomea. Alisomea kwa mjomba wake, kijiji kingine. Hakuna. Nikajaribu kubandua zile karatasi nitafute namba 417 chini yake, lakini gundi yangu ilikuwa nzuri mno: karatasi ilitoka na namba ikatoka nayo. Mwisho nikayashusha majalada yote, chumba hadi chumba, nikafungua moja moja mpaka vidole vikawa vyeusi. Kabula alikuwa anaokota yanayoanguka na kunipangia. Jioni tulikuwa tumemaliza kabati zima, na hapakuwa na jalada la Kabula.

Hakulia. Ingekuwa nafuu angelia. Alisema tu, macho yakiwa sakafuni, "Dada, mama yangu mdogo alifia njiani, anapelekwa hospitali kwa baiskeli. Mtoto pia. Ndiyo maana niliomba."

Nikamchukua akalale kwangu. Nilijua kwamba vyeti vile havikuwa vimepotezwa na mtu mwingine. Vilipotezwa na mimi, na rula yangu.

Ijumaa saa tatu asubuhi Chidawali akarudi kutoka Sikonge alikopeleka barua siku mbili. Alinikuta nimekaa sakafuni katikati ya majalada, Kabula kwenye benchi na sanduku lake miguuni.

"Kuna msiba?"

Nikamweleza yote, na mwisho nikasema kwa sauti iliyonitoka bila ruhusa, "Laiti ningekuwa na kile kitabu chekundu. Nilikuagiza ukakichome, kosa si lako."

Chidawali akakuna kidevu. Akatoka nje. Akarudi na mfuko wake wa zamani wa barua, akatia mkono ndani, na alipoutoa alikuwa ameshika kitabu chekundu, kizima, kimepinda ncha moja tu.

"Nilichoma karatasi," akasema. "Hiki nilikiteka. Nilijua ipo siku Mnyamwezi atakililia."

Niliruka kukichukua. Akakiinua juu ya kichwa chake, na mimi hata na visigino vya kuazima sikufika kiwikoni kwake.

"Hongo kwanza."

"Chidawali, treni ya huyu mtoto ni leo!"

"Babu zako pia walikuwa na haraka. Walikaa kisimani mpaka wakalipa."

"Nitakupa kuku."

"Kuku ninaye."

"Asali ya Ipole. Kibuyu kizima."

Akamtazama Kabula, akalitazama lile sanduku la bati. Nikaona uso wake, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, unacheka waziwazi.

"Sitaki kitu cha kula. Jalada likipatikana, wewe utalibeba sanduku hili kichwani, kutoka hapa mpaka stesheni, kwa miguu, kama babu zako. Mimi nitatangulia mbele. Naye huyu binti asishike hata kamba."

Kabula akasema, "Hapana, baba, mimi nitabeba mwenyewe."

"Wewe ni tajiri wa msafara, nyamaza. Mpagazi ni huyu."

Ningeweza kukasirika, lakini mnakumbuka kanuni. Nikasema nimekubali. Akanipa kitabu. Nikafungua namba 417: Kabula Masanja, maombi ya mafunzo. Pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa Ijumaa jioni, M.

Nilikaa nikiitazama hiyo M. Kisha nikageuka polepole, nikalitazama sinia la chai.

Tulilivuta, vikombe vikagongana. Chini yake, yakiwa yamelala kwa adabu, yalikuwa majalada kumi na moja. La juu kabisa lilikuwa na mduara wa kahawia wa birika na sisimizi waliokuwa wakifuata sukari. Nilipolifungua, vyeti vya Kabula vilikuwa vikavu, visafi. Nikalia hapo hapo, mimi ambaye sikuwa na haki ya kulia. Ndugu Mkuu akachungulia mlangoni, "Chai yangu leo vipi?"

Saa tisa alasiri tukaanza safari. Kabula alikunja khanga yake ikawa ngata, akaniwekea kichwani, Chidawali akanitwika sanduku. Lilikuwa zito. Baadaye nilijua kwamba mama yake Kabula alimtilia humo mtungi wa asali na nusu ya mihogo ya Ipole. Chidawali akatangulia akisukuma baiskeli na kupiga kengele, anatangaza kwa sauti ya mnada, "Pisheni! Msafara unapita! Mpagazi ni karani wa serikali!" Wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele. Kisigino kimoja kilivunjika karibu na maduka, nikavua viatu vyote, nikaendelea peku. Tulipopita barazani kwa mafundi cherehani, Mzee Sefu alikuwa ameketi. Akanitazama mimi, akalitazama sanduku, akakitazama kile kitabu chekundu nilichokipachika kwapani kwa sababu sikuthubutu tena kukiacha. Akasimama, akavua kofia.

"Safari njema, wasafiri. Pwani ni mbali."

Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na wakati huo huo nilikuwa na furaha ambayo cheo chochote hakikunipa baadaye. Treni ilipoanza kusogea, Kabula alitoa kichwa dirishani akiwa amelibana jalada kifuani.

"Dada, nitakulipa nini?"

"Usimlipe!" Chidawali akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Huyo ndiye analipa."

Jumatatu yake, kabla ya kazi yoyote, niling'oa baadhi ya mbao na kukiacha kila chumba na nafasi ya kupumua. Mengineyo ikapata ukurasa wake wa kwanza kabisa kwenye kitabu cha bluu, na sinia likahamia dirishani. Ndiyo maana mlipoleta kompyuta ofisini, mkaona ajabu kwamba mama wa masjala anaelewa upesi. Mlikuwa mnanifundisha kabati langu. Diski ukiigawa, vitu vyako haviendi popote. Kinachopotea ni ile orodha ndogo inayosema kila sehemu inaanzia wapi na kuishia wapi, na orodha ikipotea, mashine itakuapia kwamba hakuna kitu, kama mimi nilivyomwapia Kabula. Basi toeni nakala kwanza, iwe mahali pengine kabisa, siyo kwenye diski ile ile. Acheni nafasi ya msichokijua. Na orodha ya zamani msiichome mpaka ile mpya imewapa mnachotafuta mara nyingi.

Kabula alirudi akiwa mkunga, akafanya kazi hapa Tabora miaka mingi. Miaka kadhaa baada ya ile safari, mke wa Chidawali alishikwa na uchungu na zamu ikawa ya Kabula. Chidawali alikuwa anazunguka uani mwa hospitali kama kuku anayetaka kutaga. Kabula akatokea mlangoni, akakunja mikono.

"Mama mzima, mtoto mzima. Wa kike au wa kiume, sisemi. Hongo kwanza."

Alimbebesha ndoo mbili za maji kutoka bombani mpaka wodini, mara nne, huku wagonjwa wakihesabu. Ndipo akamwambia ni wa kike. Wakamwita Neema.

Huyo ndiye aliyeketi pembeni yangu wiki iliyopita. Nilimjibu kwamba nakala ninayo, iko kwa dada yangu Urambo. Nikabonyeza. Mashine ikafikiri, mimi nikashika rozari, na zikatokea sehemu tatu, nzima, kila moja na nafasi yake ya kupumua. Nikachapa orodha yake kwenye karatasi: sehemu ipi inaanzia wapi, inaishia wapi, ina nini. Nikaikunja, nikampa Neema.

"Kachome."

Akanitazama. Sijui kama baba yake aliwahi kumsimulia. Akaitia karatasi mkobani, akasema, "Sawa, Mama."

Jana amenipigia simu. Anasema karatasi imeshachomwa, nisiwe na wasiwasi, ila anahama nyumba mwezi ujao na ana sanduku moja la vyombo, zito kweli kweli.

Nimeshaitoa ngata.